Hukumu Inapoishia

Tarehe 4 Desemba 2019, Mahakama ya Juu ya Rwanda ilitoa hukumu juu ya maombi ya wakili Kabasinga Florida, aliyekuwa akipinga maneno machache katika kifungu cha 133 cha sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, ile inayotaja makosa ya jinai na adhabu zake. Kifungu chenyewe kinahusu kosa la kunajisi mtoto. Aya yake ya tano ilisema kwamba unajisi huo ukifuatiwa na kuishi pamoja kama mume na mke, adhabu ni kifungo cha maisha, nayo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Mahakama ilimpa haki mwombaji.

Mwulize mtu aliyeisikia habari hiyo juujuu. Atakwambia kifungo cha maisha kimefutwa. Mwingine atasema sheria nzima imeanguka, na hakosekani wa kuapa kwamba majaji wamewaonea huruma wanaoharibu watoto. Wote wamekosea, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Habari ya mahakamani huvimba njiani, na njia ya kutoka Kigali hadi kwetu Rusizi ni ndefu: saa kama sita za basi, kona baada ya kona ndani ya msitu wa Nyungwe, na kila abiria ana mdomo wake.

Ninayo mezani karatasi ambayo haikuvimba. Ni muhtasari wa hukumu hiyo, ukurasa mmoja na robo, ulioandikwa na wakili mmoja wa hapa Kamembe, mjini Rusizi, kwa matumizi yake mwenyewe. Mimi si mwanasheria. Nilimwomba nisome, akanipa, na siku nyingine akaniacha nikae pembeni nimtazame akiandika mwingine. Tangu hapo nimekuwa na heshima kwa kazi hii ambayo haina jina la mwandishi mbele ya umma, haina malipo ya peke yake, na ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Kwanza niseme kwa nini inahitajika huku kwetu. Rwanda haina mahakama ya katiba inayojitegemea kama ile ya jirani zetu wa Kongo. Mwenye kudai kwamba sheria fulani inapingana na Katiba huenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, Kigali. Lakini kesi zenyewe, za watu wenye majina na vilio, zinasikilizwa mahakama za mwanzo, mahakama ya kati ya Rusizi, na tawi la Mahakama Kuu linalohudumia kona hii ya kusini-magharibi. Neno likisemwa Kigali, lazima litumike hapa, na wa kulileta ni wakili au hakimu aliyelisoma. Zamani jambo hili halikuwa na uzito huo. Nchi ilirithi mapokeo ya Ubelgiji, ambako sheria iliyoandikwa ndiyo bwana na hukumu zilizotangulia ni wasaidizi tu. Mageuzi ya mahakama ya mwaka 2004, kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, vyote vimeisogeza Rwanda upande wa pili, ambako hukumu ya mahakama ya juu inazifunga zilizo chini yake. Sasa hukumu ni kitu cha kubebwa mfukoni. Na hukumu ya kurasa nyingi haibebeki mpaka mtu aipunguze.

Hapo ndipo ufundi unapoanza, na pia uharibifu.

Yule wakili anasoma mara ya kwanza bila kalamu. Kalamu iko kwenye droo, na droo imefungwa. Anasema ukisoma na kalamu mkononi utapiga mstari chini ya kila sentensi nzuri, na sentensi nzuri katika hukumu mara nyingi ni za kupamba. Anaanzia mwishoni. Hukumu za Rwanda zina umbo moja: sehemu ya kwanza inaeleza kesi ilivyofika mahakamani, ya pili inataja hoja na namna zilivyochambuliwa, na ya mwisho ni uamuzi, wenye amri zilizohesabiwa. Anausoma uamuzi mara mbili, ndipo anarudi mwanzoni, maana anataka kujua safari inaelekea wapi kabla ya kuhesabu vituo. Aya zote zina namba kwenye mabano ya mraba, na namba hizo ndizo rafiki yake mkubwa. Kila sentensi atakayoiandika baadaye itabeba namba ya aya ilikotoka. Sentensi isiyoweza kupewa namba anaiona kuwa ameitunga yeye, basi anaifuta.

Mara ya pili anasoma akiwa na kalamu, na kazi yake hapo ni moja tu: kutenganisha sauti. Asiyewahi kusoma hukumu ya Rwanda hawezi kujua jinsi mtego huu ulivyo mpana. Majaji wanaeleza kwa urefu alichosema mwombaji, kisha alichojibu wakili wa Serikali, kisha pengine aliyosema rafiki wa mahakama, na wanaeleza kwa lugha tulivu ileile watakayoitumia kueleza msimamo wao. Msomaji mwenye haraka anakuta hoja tamu aya ya kumi, anainakili, anaandika juu yake kwamba mahakama imesema. Kumbe alisema mwombaji, na mahakama baadaye iliikataa, au iliipita bila kuigusa. Wakili wetu anaandika herufi pembezoni mwa kila aya: M kwa mwombaji, S kwa Serikali, J kwa majaji. Ukurasa ukikamilika, unaona kwa macho kwamba J ni chache kuliko ulivyodhani. Muhtasari unajengwa juu ya hizo chache.

Nilipomwona akifanya hivyo nilimuuliza, “Maître, M na S zinatupwa?” Akasema hazitupwi, zinawekwa mahali pake. Jibu la majaji halieleweki bila kujua waliulizwa nini.

Kisha inakuja sehemu ya mambo yaliyotokea, na hapa mwanafunzi wa sheria hushangaa, kwa sababu katika maombi ya namna ya Kabasinga hakuna lililotokea. Hakuna mshtakiwa. Hakuna nyumba wala usiku wala shahidi. Mwombaji ni wakili aliyeisimamisha sheria yenyewe kizimbani. Vijana walio katika mafunzo ya uwakili, waliozoea kesi za jinai, wanahangaika kutafuta hadithi. Wakiikosa, wanajaza nafasi kwa maelezo marefu kuhusu ubaya wa kunajisi watoto. Wakili huyu aliandika mistari minne. Nani ameomba, sheria gani, kifungu na aya gani, maneno gani hasa ndani ya aya hiyo, na vifungu gani vya Katiba vinadaiwa kuvunjwa. Maneno ya sheria aliyanakili kama yalivyo, bila kuyafupisha hata kidogo. Ndiyo sehemu pekee ya muhtasari ambayo haifupishwi, kwani katika kesi ya katiba maneno ya sheria ndiyo tukio.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote: swali.

Muhtasari wowote wa hukumu una swali la kisheria, limeandikwa kwa namna ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Ukiliona limekaa mstari mmoja tu utadhani ni rahisi. Nimeona rasimu zake za swali hilo, alizikata moja baada ya nyingine. Ya kwanza iliuliza kama adhabu ya kifungo cha maisha kwa mwenye kunajisi mtoto inapingana na Katiba. Akaikata. Kigali hawakuulizwa hivyo, na jibu la swali hilo lingempa msomaji silaha ambayo mahakama haikuitoa. Ya pili iliuliza kama kifungu cha 133 kinapingana na Katiba. Akaikata pia, maana kifungu kina aya kadhaa na kilichobishaniwa ni kipande cha aya moja. Ya tatu ilikaribia: je, sheria inaweza kumnyima hakimu uwezo wa kupunguza adhabu? Hii ni tamu, ina upepo wa falsafa, na wengi wangeishia hapo. Yeye aliona ni pana mno. Ingeweza kuingiza kila sheria nchini yenye adhabu ya kiwango cha chini, nazo hazikuwa mbele ya majaji siku hiyo. Mwisho akaandika hivi: Je, maneno ya aya ya tano ya kifungu cha 133 yanayosema kwamba kifungo cha maisha hakiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, yanapingana na kifungu cha 29 cha Katiba kuhusu haki ya kuhukumiwa kwa haki, na cha 151 kuhusu uhuru wa majaji?

Jibu: ndiyo.

Sentensi hiyo si nzuri ya kusomwa kwa sauti. Ina namba nyingi, inakwama kooni. Lakini jaribu kuiondolea neno lolote uone. Ukitoa “maneno ya,” umeiangusha aya nzima. Ukitoa “hakiwezi kupunguzwa,” umekifuta kifungo cha maisha. Ukitoa mojawapo ya vifungu viwili vya Katiba, umevunja mguu mmoja wa hoja. Mimi ninayeandika makala kwa riziki yangu sikumbuki nimewahi kuandika sentensi yenye kukaa hivyo.

Baada ya swali na jibu zinafuata sababu, na hapa wakili wetu ni bahili wa vitenzi. Anavyo vinne au vitano, kila kimoja kina kazi yake. “Iliamua” ni kwa lile lililoingia katika uamuzi na bila hilo uamuzi ungekuwa mwingine. “Ilieleza” ni kwa hatua za kufikia hapo. “Iligusia” ni kwa maneno ya kando, yaliyosemwa njiani na yasiyomfunga mtu. “Ilinukuu” ni kwa hukumu za kwingine; Mahakama ya Juu ya Rwanda siku hizi husoma na kutaja maamuzi ya nchi nyingine, na kunukuu si kukubali. Wanaoandika muhtasari ovyo hutumia “ilisema” kwa yote hayo. Ukikuta “ilisema” mara kumi katika ukurasa, uuweke chini ukaitafute hukumu yenyewe.

Sababu za Kabasinga alizibana katika aya mbili. Haki ya kuhukumiwa kwa haki, majaji walieleza, haiishii kwenye taratibu za kusikilizwa. Inafika mpaka kwenye adhabu, ambayo inapaswa kulingana na uzito wa kosa, mazingira yake na hali ya mtu aliyelitenda. Na uhuru wa hakimu unapungua pale sheria inapomkabidhi adhabu moja iliyokwisha kupimwa na kumkataza kuangalia kitu kingine. Basi. Hakuandika kwamba hukumu ni ya kihistoria, wala kwamba ni ushindi wa haki za binadamu. Nilimchokoza kidogo juu ya hilo. Alinijibu kwamba sifa hazina namba ya aya.

Sasa mstari unaonivua kofia. Chini ya sababu ameandika kichwa kidogo: Ambalo halikuamuliwa. Chini yake mambo mawili. Mahakama haikusema kifungo cha maisha kinapingana na Katiba. Hakimu bado anaweza kukitoa. Na mahakama iliulizwa kuhusu aya ya tano. Ndani ya kifungu hichohicho aya nyingine, inayohusu mtoto aliye chini ya miaka 14, ilikuwa na maneno yaleyale ya kukataza kupunguza adhabu. Je, sababu zilizoiangusha aya ya tano zinaifikia na ile? Wakili anaweza kuibeba hoja hiyo hadi mahakamani, na ni hoja yenye miguu. Lakini ni hoja. Muhtasari unaoiandika kama uamuzi umeruka mto ambao majaji hawakuuvuka.

Mtu anaweza kuuliza kama uangalifu huo si ushamba wa mawakili wa mikoani. Kwa jibu, tazama Kenya.

Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa kwa mauaji. Majaji walisema ulazima wa hukumu ya kifo katika kifungu cha 204 cha sheria ya makosa ya jinai unapingana na Katiba. Kifo chenyewe hawakukifuta. Kilibaki kuwa adhabu ya juu kabisa ambayo jaji anaweza kuichagua au kuiacha. Hukumu ilisambaa nchini kwa kasi, na kwa kadiri ilivyosambaa ndivyo ilivyonenepa. Waliohukumiwa kwa wizi wa kutumia nguvu wakaitumia. Waliofungwa kwa makosa ya kujamiiana, ambako sheria imeweka kiwango cha chini cha miaka, nao wakaitumia, na mahakama nyingi zikawakubalia na kuwapunguzia. Kila mahali neno lililokuwa limebebwa lilikuwa fupi na kubwa: adhabu za lazima zimekwisha. Hadi tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikalazimika kutoa maelekezo na kusema waziwazi kwamba Muruatetu inahusu mauaji tu, vifungu vya 203 na 204, na hakuna zaidi. Hata hivyo upepo haukutulia. Tarehe 12 Julai 2024 mahakama hiyohiyo ilirudisha kifungo cha miaka 20 kwa mtu aliyenajisi mtoto, ambaye Mahakama ya Rufaa ilikuwa imempunguzia hadi miaka 15, na ikasisitiza kwamba viwango vya chini vya sheria ya makosa ya kujamiiana bado vipo.

Sitasema kwamba mihtasari mibaya ndiyo iliyoleta yote hayo. Majaji wa chini walikuwa na sababu zao, wengine za dhati kabisa, na hoja ya kwamba mantiki ya Muruatetu inavuka mipaka ya mauaji si hoja ya kipuuzi. Lakini hebu fikiria wafungwa waliofungua upya kesi zao wakiwa na matumaini, kisha wakaambiwa mlango haukuwa umefunguliwa kwao. Mstari mmoja, “Ambalo halikuamuliwa,” ungewaokolea wengi muda.

Uganda ilikuwa imepita njia hiyo mapema, tena kwa hukumu iliyo mtihani mgumu kwa mwandishi wa muhtasari. Katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, Mahakama ya Juu ya Uganda tarehe 21 Januari 2009 ilitoa majibu matatu kwa pamoja: adhabu ya kifo haipingani na Katiba, kuifanya ya lazima kunapingana, na mfungwa aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri kunyongwa baada ya rufaa yake ya mwisho, adhabu yake inageuka kifungo cha maisha. Hapana, ndiyo, ndiyo. Muhtasari wenye jibu moja wa kesi hiyo ni uongo hata kama kila neno lake ni la kweli.

Na huku kwetu, miezi michache kabla ya Kabasinga, kulikuwa na ile ya wakili Mugisha Richard, iliyoamuliwa tarehe 24 Aprili 2019 juu ya vifungu kadhaa vya sheria hiyohiyo ya mwaka 2018. Kifungu cha kudhalilisha ibada za dini hadharani kikaanguka. Kile cha kuwadhalilisha viongozi wa umma, chenye kugusa hata wachoraji wa katuni, kikaanguka. Vya uzinzi vikabaki. Cha kumtukana au kumkashifu Rais kikabaki pia, na Ofisi ya Rais ikatoa tamko kwamba Rais anaheshimu uhuru wa mahakama lakini hakubaliani na kubakizwa kwake kama kosa la jinai; sheria iliporekebishwa baadaye, kikaondolewa. Muhtasari wa wakili wetu una jedwali dogo la safu tatu: kifungu, matokeo, sababu. Yaliyofuata baada ya hukumu, tamko na marekebisho, ameyaweka chini kabisa, baada ya mstari mnene. Anasema yaliyotokea nje ya chumba cha mahakama yasipande juu ya mstari huo, hata kama ndiyo yaliyoamua mwisho wa jambo.

Ile ya BBI, mpango wa kubadili Katiba ya Kenya, sijui nani anaweza kuifupisha. Tarehe 31 Machi 2022 majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Kenya walijibu masuala saba, na kila jaji akaandika maoni yake. Vijumba arobaini na tisa kabla hujaandika neno. Wakili wetu amenionyesha karatasi yake ya miraba, ina penseli tele na vifutio vingi, na amekiri kwamba hajaimaliza.

Nimesema kazi hii haina sifa. Ina pia kishawishi chake, nacho ni maoni. Mwishoni mwa muhtasari kuna nafasi ya mwandishi kusema anavyoiona hukumu, na mtu aliyejizuia ukurasa mzima hufika hapo akiwa na kiu. Wengine humwaga yote. Yeye anajiruhusu sentensi tatu na anaziandika kwa wino wa rangi nyingine, ili hata yeye mwenyewe akirudi baada ya miaka mitano asidhani ni za majaji. Kwa Kabasinga aliandika kwamba hoja ya uhuru wa majaji ameiona nzito kuliko ile ya haki ya mshtakiwa, akataja sababu, akaongeza swali moja: mtoto aliyenajisiwa kisha akawekwa ndani kama mke, sauti yake iko katika aya ipi? Sikutegemea swali hilo kutoka kwa mtu anayekatakata sentensi zake namna ile. Alilitafutia namba ya aya. Hakuipata, akaacha mabano ya mraba matupu.

Siku moja nilishuhudia muhtasari huo wa Kabasinga ukipimwa. Wakili kutoka Bukavu, aliyevuka kwa miguu mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwa shughuli zake, alipita ofisini akauliza habari ya hukumu hiyo. Kongo ina Mahakama yake ya Katiba huko Kinshasa, iliyoundwa kwa Katiba ya mwaka 2006 na kuanza kazi mwaka 2015, na maamuzi yake yameandikwa kwa namna ya Kifaransa, mafupi, yamebanwa, majaji wake wakisema kwa sauti moja. Mgeni hakuwa na hamu ya kusoma aya nyingi za Kinyarwanda. Basi wakili wetu akamsomea ukurasa wake kwa Kiswahili, papo kwa papo, kwa ile lafudhi ya pande hizi inayochanganya Ziwa Kivu lote. Hakutumia hata dakika tano. Mgeni aliuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa juu ya aya ya mtoto chini ya miaka 14, na jibu lilikuwa tayari limeandikwa. La pili lilikuwa kama kuna nakala ya ukurasa huo kwa Kiswahili. Hakuna.

Hapo ndipo nina neno. Sheria ya mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda. Tanzania mwaka 2021 ilibadili sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Hapa Kamembe na Bugarama Kiswahili hakikungoja sheria; ndicho kinachouza, kinachodai deni na kinachosuluhisha ugomvi wa sokoni. Lakini hukumu za katiba zinamfikia mwenye duka kwa mdomo wa abiria wa basi. Mawakili wa Rusizi, mnao ufundi, nimeuona kwa macho yangu. Kila mara Mahakama ya Juu inapoamua jambo la katiba, andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili: maneno ya sheria kama yalivyo, swali, jibu, sababu zenye namba za aya, na yale ambayo hayakuamuliwa. Pelekeni nakala kwenye ofisi ya MAJ, ile ya msaada wa kisheria ambayo ipo katika kila wilaya, ibandikwe mahali ambapo mtu anayesubiri zamu yake anaweza kuisoma.